Kisu Alichoomba Baba

Jumatano, 4 Machi

Mdogo wangu Sindano,

Kabla hujasikia kwa watu, sikia kwangu: mguu uko kwenye plasta, na nilianguka kutoka kwenye kochi. Siyo darini, siyo kwenye ngazi. Kochi. Fundi makochi wa miaka hamsini na mbili, nimesimama juu ya kochi la mteja nikipigilia kitambaa, springi ikanirusha mpaka kwenye ndoo ya gundi. Mwenye kochi alimaliza kucheka kwanza ndipo akaniinua, na hata hapo aliniomba nisiguse zulia. Basi nipo, nimekaa, nawatengenezea watu viti nikiwa juu ya kiti.

Sasa, la maana. Mwisho wa mwezi Baba anafikisha sabini na tano, na safari hii sitaki kumpelekea soksi. Mara ya mwisho nilipokuja nilimwona akimenya chungwa kwa kucha. Kwa kucha, Sindano! Mtu aliyebebesha michungwa, akiunga kikonyo cha mti huu kwenye shina la mwingine, kwenye bustani ya miche ya manispaa mpaka vidole vikapinda! Halafu kila baada ya muda mkono unaingia mfuko wa kulia, unapapasa, unatoka mtupu. Kile kisu chake cha kukunja kiko wapi? Ninakikumbuka kuliko ninavyoikumbuka sura yangu ya ujanani: mpini wa mti umekuwa mweusi kwa jasho, na bapa limenolewa mpaka limebaki jembamba kama jani la mchaichai.

Nataka nimtafutie cha namna ile ile. Cha kawaida, cha bei ndogo, maana unamjua. Ukimpa kitu cha bei kubwa atakifungia kabatini akilinde. Sitaki hivi vya siku hizi vyenye mkasi, kizibuo, kijiti cha meno na kila kitu isipokuwa mke.

Niandikie haraka. Na hiyo simu ya nyumbani mbona kila nikipiga imekufa? Barua nampa Taratibu, yule dereva wa gari la vifurushi. Akifika na taa zote mbili nzima, mshangilie.

Kaka yako mwenye mguu mmoja na nusu,
Bonge

*

Jumatano, 11 Machi

Kaka, shikamoo.

Pole sana na kochi. Nimecheka, sikufichi. Muda mrefu sijacheka ndani ya nyumba hii.

Waya wa simu umekatika. Ni panya.

Kuhusu kisu, hapana. Mnunulie shati, la mikono mirefu, rangi ya kahawia, lisiwe na vifungo vidogo. Kile cha zamani kimepotea, nimekitafuta sijakiona. Na hana haja nacho tena. Machungwa namenya mimi, nampelekea kwenye sahani yakiwa tayari.

Baba yupo. Anakula vizuri. Anakaa barazani, anaangalia watu wanaopita. Kazi ninayo nyingi, sare za shule zote zimekuja kwa pamoja. Siku hizi kukata vitambaa naenda kukatia kwa jirani yetu, Mama Mapacha, meza yake ni kubwa kuliko yangu. Narudi na vipande vimeshakatwa, nashona tu.

Nakuomba kitu kimoja, kaka. Usimwandikie Baba habari za kisu. Shati linatosha.

Mdogo wako

*

Ijumaa, 13 Machi

Sindano wangu,

Panya! Panya gani huyo anakula waya wa simu na kuacha mahindi ya jirani? Mwambie Baba amtegee mtego, au mpikie huyo panya moja ya zile mboga zako, hatarudi. Halafu fundi cherehani hana mkasi nyumbani, anaubeba kwenda kuutumia kwa jirani kama mtu anayeficha chupa! Unazeeka vibaya, mdogo wangu. Mimi angalau nazeeka kwa kuanguka, watu wanaona.

Nimechelewa kupata barua yako, nilikuwa nimeshaenda dukani na gongo langu la kutembelea. Liko nyuma ya soko, duka la vyuma la mzee mmoja wanayemwita Kutu, na jina limemkaa sawasawa. Nikamwambia nataka kisu cha kukunja. Akanitazama mguu.

"Cha kujionyesha au cha kazi?"

"Cha baba yangu."

"Ahaa. Basi weka pembeni hivyo vinavyong'aa."

Akanitolea kimoja kutoka kwenye boksi la misumari. Bapa moja, halina nakshi. Mpini wa mti mtupu, haukupakwa hata vanishi. Hakina springi, unalitoa bapa kwa ukucha, kisha unazungusha kipete cha bati shingoni ili lisijifunge likakukata vidole. Chuma ni kile cheusi. Kutu akasema: "Hiki usipokipaka mafuta kitashika madoa. Lakini kikikata, mwenye kukatwa hajui mpaka aone damu." Akanyoa vinywele vya mkono wake kunionyesha, kisha akanipa nami nijaribu, na sasa mkono wangu wa kushoto una uwanja wa mpira. Na bei yake, ningesema ukaniita bahili.

Lakini haya. Umesema shati, ni shati. Mimi ni nani nibishane na mwenye kukaa na mzee? La mikono mirefu, kahawia, vifungo vikubwa kama visahani.

Kaka yako mtiifu,
Bonge

*

Jumanne, 17 Machi

Mwanangu,

Salamu nyingi. Mimi mzima, isipokuwa nyonga wakati wa asubuhi. Pole na mguu. Mama yako alisema tangu ukiwa mdogo kwamba utakufa kwa kuanguka kutoka mahali pafupi.

Barua yako ya tarehe kumi na tatu nimeikuta chini ya cherehani, nikaisoma. Naona unataka kuninunulia zawadi na kuna mtu anakukataza. Mimi ninataka kisu. Sitaki shati. Hicho cha Kutu ndicho chenyewe. Chuma kinachong'aa hakishiki makali. Usikinoe wewe, utakiharibu. Nitakinoa mimi.

Ila usikipitishe kwa mikono yake. Yule anayenipikia, unayemwita mdogo wako, sina hakika kama ni yeye. Chakula chake siku hizi kina chumvi ya kutosha. Binti yangu hajawahi kupatia chumvi. Nimemchunguza mambo mengine pia, nitakueleza siku nyingine.

Barua hii nampa dereva mwenyewe, mkono kwa mkono, wakati yule mama amekwenda kukata vitambaa. Jibu langu lete kwa njia hiyo hiyo. Huwa ninakaa barazani.

Baba yako

*

Ijumaa, 20 Machi

Baba, shikamoo.

Nimecheka barua yako mpaka plasta imenibana. Mzee, ukali wako haujapungua hata kidogo! Chumvi ya kutosha! Nikamsomea mke wangu, akasema mkwe wake angeandika vitabu tungekuwa matajiri.

Sasa na mimi nikufungulie siri, maana naona umeshaishuku mwenyewe. Kweli huyo si binti yako. Nilikuwa nawaambia tangu nikiwa na miaka kumi, hakuna aliyenisikiliza: walimbadilisha hospitali. Wa kwetu alikuwa mnene, mzuri, amefanana na mimi. Tukaletewa huyo mwembamba mwenye masikio ya kusikiliza mambo ya watu. Sasa ukiona amepatia chumvi, ujue amejisahau, tabia ya kwao imemtoka! Mkalie macho.

Kisu utakipata. Yeye amenipangia shati, na shati litakuja, asinune. Lakini mimi ni fundi, Baba, na fundi hakosi pa kupitia. Nakushonea mto wa kiti chako cha barazani, kitambaa kizito cha kijani, sufi nzuri. Upande wa nyuma, kona ya kulia, kuna mshono wa uzi mmoja. Tafuta ncha iliyofungwa fundo jekundu, uvute. Wote unafumuka kama soksi. Ndani kuna kimfuko. Humo ndimo alimo mgeni wako. Usimwambie. Siku akikukuta unamenya chungwa lako mwenyewe, natamani niwe ukutani nimwone uso.

Heri ya sabini na tano, mzee wangu. Mimi nikifika huko nitakuwa nimeshaanguka kutoka kwenye kila fanicha.

Mwanao,
Bonge

*

Jumatatu, 30 Machi

Kaka, shikamoo.

Vitu vimefika. Shati limemkaa, asante. Mto nao ni mzuri mno. Sikujua bado una mkono wa kushona namna hiyo, nilidhani siku hizi unagongelea misumari tu.

Baba anaupenda huo mto kupita kiasi. Hauachi barazani. Akiingia ndani anaingia nao, akienda chooni anakwenda nao kwapani. Jana nilitaka kuufua, mtoto wa Mama Mapacha alikuwa ameumwagia chai. Baba aliushika kwa mikono miwili akaniambia, kwa adabu kabisa, "Hapana, mama. Huu ni wa kwangu na mwanangu."

Ananiita mama. Si kama mtu anavyomwita binti yake kwa mapenzi. Kama unavyomwita mtu usiyemjua kwenye foleni.

Kaka, ulimwandikia nini? Ana karatasi anaitunza kwenye mfuko wa shati. Nikipita anaitoa, anaisoma, ananitazama masikio. Nimejaribu kuichukua wakati anaoga. Anaoga mlango akiwa ameubana kwa kiti na shati liko naye.

Najua una kazi na najua una mguu. Njoo. Usinitake nieleze kwenye karatasi. Wewe njoo tu.

Mdogo wako

*

Alhamisi, 2 Aprili

Sindano,

Umeandika "njoo" kama mtu anayeita zimamoto! Nitakuja, mama, nitakuja. Plasta inakatwa Ijumaa ya wiki ijayo, halafu nina viti vya ukumbi vya kumalizia, mwenye ukumbi ananipigia kelele kama vile mimi ndiye niliyevikalia vikabomoka. Mwezi ukiisha nipo hapo, naleta na tumbo langu.

Hiyo karatasi usiihofu. Ni utani wangu na mzee, tunakusengenya kidogo, una haki ya kununa. Kumbe na masikio anakutazama! Nimecheka peke yangu mpaka mke wangu akauliza kama gundi imenipanda kichwani. Mwache afurahi. Mtu wa umri ule akipata mchezo wa kuchezea, ni afya.

Na huo mto usiufue. Una mambo yake. Sikwambii zaidi, utaharibu.

Bonge

*

Jumapili, 5 Aprili

Mwanangu,

Zawadi nimeipata. Mshono wako ni mzuri, umefumuka kwa mvuto mmoja, nami nimeurudishia kwa mkono ili asijue. Kisu kilikuja na makali ya dukani, hayakunitosha. Nimekinoa kwenye ukingo wa ngazi ya baraza, kisha kwenye mkanda. Sasa kinapasua unywele kwa urefu wake.

Ulichoniandikia kuhusu hospitali kimenisaidia sana. Nilikuwa nakiona peke yangu, nikadhani ni uzee. Mtu akikosa shahidi anaweza kujidharau. Wewe umenithibitishia.

Ila nadhani umekosea kidogo namna ilivyofanyika. Hawakumbadilisha mwili mzima. Wamembebesha. Nimefanya kazi hiyo maisha yangu yote, naijua. Unachukua shina la mchungwa wako mwenyewe, mizizi ni yako, udongo ni wako. Unalikata. Unaweka juu yake kikonyo cha mti mwingine, unafunga, unasubiri. Baada ya muda watu wanaona mti mmoja. Lakini anayejua akipitisha kidole atapata mahali palipoungwa, hapakosi kovu. Kwa huyu, nadhani ni chini ya sikio la kushoto. Miguu ni ya binti yangu, naijua inavyokanyaga. Kilicho juu sicho.

Na mti uliobebeshwa vibaya hautupwi. Unakata pale pale kwenye kiungo, taratibu, kwa kisu chembamba, na shina lenyewe linachipua tena. Nimeokoa mingi kwa njia hiyo.

Analala mchana kidogo baada ya kushona. Usiwe na wasiwasi, mkono wangu hautetemeki.

Baba yako

*

Jumatano, 8 Aprili

Kaka,

Nakuandikia kutoka kwa Mama Mapacha. Nipo hapa tangu juzi. Sijaumia. Nakutangulizia hilo.

Jumatatu mchana nilijinyoosha kitandani. Nilizinduka nikasikia kidole gumba kinanipapasa shingo, chini ya sikio, pole pole, kama mtu anayetafuta ncha ya uzi. Baba alikuwa amepiga magoti pembeni ya kitanda, amevaa shati lako. Akasema, "Tulia. Hapa ndipo walipounganisha." Mkono wake wa pili ulikuwa nyuma ya mgongo. Nilipoinuka ndipo nikaona umeshika nini.

Nilitoka bila viatu.

Nilikuwa nimekusanya kila chenye makali ndani ya nyumba ile, kaka. Kile kisu cha zamani hakikupotea, nilikitupa mwenyewe chooni, nikalia siku nzima kama niliyemzika mtu. Visu vya jikoni viko huku kwa Mama Mapacha. Mkasi wangu pia, tangu siku aliyokata waya wa simu nao, akasema sauti zinapitia humo kumfundisha mtu anayejifanya mimi. Mboga nakatia huku, narudi nazo kwenye sufuria. Ulinicheka.

Nilimpeleka kwa daktari. Alijibu kila swali. Tarehe, mwezi, jina la jirani, akamrekebisha na daktari hesabu. Daktari akaniambia mimi ndiye nimechoka, nipumzike.

Utaniuliza kwa nini sikukwambia. Mwaka jana, siku ambazo akili yake bado ilikuwa inakuja na kuondoka, alinishika mkono akasema, "Kichwa changu kinaingiwa na watu. Usimwambie kaka yako, atawafanya watu wanicheke." Nikamwahidi. Na wewe unajijua, kaka. Ile habari ya Baba kuvaa suruali kinyume kwenye harusi ya binamu uliisimulia kwenye kipaza sauti. Watu walifurahi. Baba alikaa ameinamisha kichwa mpaka keki ikakatwa.

Jana alipokwenda msalani, safari hii bila ule mto, niliingia haraka nikauchukua. Mimi nashona kwa riziki, huwezi kunificha mshono. Kona ya nyuma imefumuliwa na kurudishiwa kwa uzi mwingine. Ndani kuna kimfuko kirefu, kimewekewa mahameli. Kaka, niambie ni mtu mwingine aliyekishona. Niambie Kutu alikosea, dereva alikosea, yeyote.

Tangu hapo amejifungia ndani. Chakula naweka dirishani, anakichukua nikishaondoka. Majirani wanataka kuvunja mlango. Nimewaomba wasubiri, maana akiona wanaume wanaingia kwa nguvu sijui atamfanya nini mtu, au atajifanyia nini mwenyewe. Anakuamini wewe peke yako. Mwandikie. Mwambie mimi ni nani.

Mdogo wako

*

Alhamisi, 9 Aprili

Mdogo wangu,

Barua yako na ya Baba zimefika kwa mkono mmoja, nimezisoma zote mbili nimesimama, nimesahau hata gongo.

Ni mimi. Nilikishona mimi, na kile nilichomwandikia kuhusu wewe ni mimi pia. Sina la kusema hapa ambalo litakutosha.

Usirudi ndani ya ile nyumba. Hata akikuita kwa jina lako, usirudi. Majirani wasivunje kitu, ila wakae karibu. Plasta inakatwa kesho asubuhi. Wasipoikata naikata mwenyewe kwa msumeno wa mbao. Jumamosi nipo hapo. Taratibu anageuza gari sasa hivi, anangoja bahasha hizi mbili, hana hata kiti cha abiria, kapakia mabati mpaka mlangoni.

Nimemwandikia Baba. Nimeandika na kuchana, nimeandika na kuchana. Nimeondoa kila kitu kinachofanana na utani. Hii ya mwisho ni ukweli mtupu, hata mtoto hawezi kuuelewa vingine.

Kaka yako

*

Alhamisi, 9 Aprili

Mpendwa Baba, shikamoo.

Nakuandikia jambo zito na naomba ulisome kwa makini.

Anayeishi nawe hapo nyumbani ni binti yako. Amezaliwa na mama yetu. Hakuna aliyembadilisha hospitali wala mahali pengine popote. Hakuna aliyembebesha. Shingoni mwake hakuna kovu lolote. Amekutunza kwa miaka mingi kwa mapenzi na heshima.

Nilichokuandikia tarehe ishirini Machi hakikuwa kweli. Ulikuwa mzaha, na haukupaswa kuandikwa. Nakuomba msamaha.

Nakuomba pia umkabidhi dereva kile kisu akikuletea barua hii, kikiwa kimefungwa. Akuone unakizungusha kipete mwenyewe. Ukiwa na hofu au hasira, usifanye lolote. Subiri. Ninakuja Jumamosi asubuhi, nitakaa nawe, na tutazungumza kila kitu.

Nakupenda, Baba.

Mwanao

*

Ijumaa, 10 Aprili

Kwako uliyeandika barua ya jana,

Shikamoo yako siipokei.

Nimeisoma barua yako mara tatu. Mwandiko umeupatia, nakupongeza. Hata ule mkia mrefu anaouvuta mwanangu mwisho wa mstari umeuweka. Dereva nimemuuliza, anaapa amepewa na Bonge mwenyewe mkononi. Inawezekana naye mmeshampata, au macho yake ni mabovu. Taa za gari lake zinanionyesha hivyo.

Ila umekosea mahali pamoja, nami nitakwambia ili ujue hukukutana na mjinga. Mwanangu hajui kuandika bila kuchekesha. Mama yake alipofariki aliniandikia kurasa nne za kilio, na katikati ya kilio akaandika kwamba jeneza lilikuwa na mto mbaya, yeye angetengeneza bora. Nilicheka na machozi yananitoka. Ndivyo ninavyomjua. Barua yako nimeipekua mstari kwa mstari nikitafuta mahali pa kucheka. Hakuna. Hata jina lake hukuthubutu kutia sahihi.

Mtu aliyenitumia kisu aliniambia huyo mama si binti yangu. Wewe unaniambia ni binti yangu, na unataka kisu. Huoni kwamba umejieleza mwenyewe?

Nimekwisha kumwandikia mwanangu halisi aje anisaidie, lakini najua barua zangu sasa zinapita mikononi mwenu, kwa hiyo nimeichana. Nitafanya mwenyewe. Chakula cha dirishani sikigusi tena. Yule mama simhitaji kwa sasa. Alikuwa tawi tu. Wewe ndiye uliyewabebesha wote.

Umesema Jumamosi asubuhi. Kiti nimekihamisha, kiko nyuma ya mlango, upande unaofungukia. Nitakaa hapo tangu alfajiri.

Usijisumbue kupiga hodi. Nitakuachia mlango wazi.

Mwenye nyumba